Shaba Iliyo Chini ya Kokoto: Usalama wa Vituo vya Umeme na Wajibu wa Mkazi

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya elimu kwa umma yaliyoandaliwa kwa ajili ya mabaraza ya wakazi wa Kaunti ya Garissa.

 

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho wengi hupita kando yake kila siku bila kukiona. Si nguzo za stima wala transfoma. Hicho ni chuma kilichozikwa ardhini chini ya kila kituo cha kusambaza umeme, kituo ambacho wengine hukiita substesheni. Kazi ya chuma hicho ni moja: umeme ukipotea njia, uende ardhini bila kumuua mtu wala mnyama.

Kwa nini mkazi wa Garissa ajishughulishe na jambo ambalo linaonekana kuwa la wahandisi? Chukua mfano wa mfugaji anayerudi mjini jioni na mbuzi wake. Anaona uzio wa chuma ulio imara, wenye taa usiku kucha, na nafasi pembeni. Anachukua waya, anaufunga kwenye uzio huo na kuuvuta hadi kwenye miti miwili, na boma limepatikana. Hajaiba chochote wala kumkosea mtu. Lakini ikiwa uzio huo ni wa kituo cha umeme, ameuleta umeme wa kituo hadi mahali watoto wake watakapokamua mbuzi asubuhi. Kufikia mwisho wa mazungumzo haya, sababu yake itaeleweka.

Umeme ulivyofika hapa

Kwa miaka mingi mji wa Garissa haukuwa kwenye gridi ya taifa. Umeme ulitoka kwa mashine za dizeli zilizoendeshwa na KenGen hapa hapa mjini. Hali ilibadilika shirika la KETRACO lilipojenga laini ya kilovolti 132 kutoka Kindaruma, kupitia Mwingi, hadi Garissa. Kilovolti 132 ni volti 132,000, ilhali umeme wa nyumbani ni volti 240 tu. Kituo cha umeme ndicho kinachoshusha nguvu hiyo hatua kwa hatua, hadi kilovolti 33, kisha 11, na hatimaye transfoma ya mtaani inaushusha hadi kiwango cha kuwasha taa na friji.

Tarehe 13 Desemba 2019 kilizinduliwa rasmi kituo cha umeme wa jua cha Garissa, kilichoko Raya, chenye uwezo wa megawati 50 kwenye eneo la hekta 85. Kinasimamiwa na REREC, shirika la umeme wa mashambani na nishati jadidifu, na umeme wake huingia kwenye gridi ya taifa. Kwa hivyo leo Garissa inapokea umeme na pia inautoa.

Majirani zetu Wajir na Mandera wamekuwa wakitegemea vituo vyao wenyewe, vingi vya dizeli na vingine vilivyoongezewa paneli za jua. Halafu kuna mradi wa KOSAP, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao unalenga kaunti 14 zikiwemo Garissa, Wajir na Mandera, kwa ajili ya gridi ndogo za jua katika vijiji vilivyo mbali na nyaya za taifa. Maana yake ni kwamba mitambo ya umeme inazidi kusogea karibu na makazi, visima na malisho. Kila mtambo, mkubwa au mdogo, unahitaji kutulizwa ardhini.

Umeme unapopotea njia

Umeme husafiri kwenye waya na hutaka kurudi ulikotoka. Siku ya kawaida njia yake inajulikana na kila kitu kiko salama. Siku ya hitilafu mambo hubadilika. Waya unaweza kukatika kwa upepo ukaangukia chuma. Kikombe cha kauri kinachoshikilia waya kinaweza kupasuka. Nyani au ndege mkubwa anaweza kuunganisha waya na nguzo. Wakati huo mkondo mkubwa, wa mamia au maelfu ya ampea, hutafuta njia ya kurudi kupitia ardhi.

Vifaa vya ulinzi kituoni hugundua hitilafu na kukata umeme, mara nyingi chini ya sekunde moja. Lakini nusu sekunde inatosha kusimamisha moyo. Vipimo vya wataalamu vinaonyesha kwamba mkondo wa miliampea 9 hadi 25 unaweza kuukaza mkono wa mtu asiweze kuachilia alichokishika, na kwamba kuanzia miliampea 60 hadi 100 moyo unaweza kuanza kutetemeka badala ya kupiga. Taa ndogo ya wati 10 hutumia takriban miliampea 40. Kwa hivyo umeme unaoweza kumuua mtu hauzidi sana ule unaowasha taa ya chumbani.

Mhandisi anayebuni mfumo wa kutuliza umeme ardhini huuliza swali hili: katika ile nusu sekunde ya hitilafu, kama kuna fundi ndani ya kituo, au mtoto nje ya uzio, au ngamia kando ya barabara, je, watatoka salama?

Hatari ya kugusa na hatari ya hatua

Wengi huuliza kwa nini ndege hutua kwenye waya wa stima bila kufa. Jibu ni kwamba miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, kwenye volti zile zile. Umeme haupiti mwilini kwa sababu hakuna tofauti kati ya mguu huu na ule. Kinachoua ni tofauti ya volti kati ya sehemu mbili za mwili.

Mkondo mkubwa unapoingia ardhini, ardhi yenyewe hupanda volti. Pale unapoingilia, volti huwa juu kabisa, na kadiri unavyoondoka huzidi kupungua, kama joto la moto linavyopungua ukisogea mbali na jiko. Hapo ndipo hatari mbili zinapotokea.

Ya kwanza ni hatari ya kugusa. Mtu ameshika chuma kilicho kwenye volti za juu, huku miguu yake ikiwa kwenye ardhi yenye volti za chini. Umeme hupita mkononi, kifuani, hadi miguuni. Moyo uko katikati ya njia hiyo.

Ya pili ni hatari ya hatua. Mtu hajagusa kitu, anatembea tu. Lakini mguu wa mbele uko karibu na umeme na wa nyuma uko mbali. Tofauti kati ya miguu miwili hupitisha umeme mwilini.

Wafugaji wasikilize hapa kwa makini. Hatari ya hatua ni kubwa zaidi kwa mifugo kuliko kwa binadamu. Miguu ya mbele ya ng'ombe au ngamia iko mbali na ya nyuma kuliko hatua ya mtu, kwa hivyo tofauti ya volti ni kubwa zaidi. Tena umeme unaotoka miguu ya mbele kwenda ya nyuma hupita kifuani penyewe, tofauti na kwa binadamu, ambaye umeme wa hatua hupanda mguu mmoja na kushuka mwingine. Ndiyo maana waya ukianguka, mchungaji anaweza kusimama mzima huku ng'ombe wake amelala chini. Mchungaji huyo akikimbilia kumwokoa mnyama, anajipeleka mwenyewe palipo na hatari.

Udongo hupimwa kwanza

Mfumo wa kutuliza umeme huanzia kwenye udongo, na chuma hufuata baadaye. Udongo mwingine hupitisha umeme kwa urahisi na mwingine huukataa. Kipimo chake huitwa ukinzani wa udongo, na huhesabiwa kwa omu-mita. Kwa makadirio yanayotumiwa na wahandisi, udongo mbichi wenye mboji una takriban omu-mita 10, udongo wenye unyevu wa wastani 100, udongo mkavu 1,000, na mwamba 10,000. Kati ya udongo mbichi na mwamba, tofauti ni mara elfu moja.

Njia ya kupima inayotumika zaidi ilielezwa mwaka wa 1915 na Frank Wenner wa Marekani, na bado inatumika. Vigingi vinne vya chuma hupigiliwa kwenye mstari mmoja, kwa nafasi zilizo sawa. Mkondo hupitishwa kwenye vile viwili vya nje, na volti hupimwa kati ya vile viwili vya ndani. Chombo huonyesha omu. Kisha mpimaji huzidisha 2 kwa 3.14, kwa nafasi kati ya vigingi, kwa omu alizozisoma. Nafasi ikiwa mita 5 na chombo kikionyesha omu 4, jibu ni takriban omu-mita 126. Akitaka kujua udongo wa chini zaidi, anapanua nafasi kati ya vigingi.

Sasa fikirieni Garissa. Kando ya Mto Tana kuna udongo ulioletwa na maji. Ukitoka kwenda Balambala au Lagdera kuna mchanga mkavu na mawe. Ijara kuna udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kufura wakati wa mvua. Mahali pengine kuna chumvi ardhini. Chumvi husaidia umeme kupita, lakini hula chuma upesi. Ramani ya kituo kimoja haiwezi kunakiliwa na kupelekwa mahali pengine katika kaunti hii.

Msimu nao una uzito wake. Udongo uliopimwa wakati wa Gu, mvua ikiwa imetoka kunyesha, utaonekana mzuri. Udongo ule ule ukipimwa mwisho wa Jilaal, baada ya miezi ya jua kali, unaweza kuwa na ukinzani mara nyingi zaidi. Mfumo uliobuniwa kwa kipimo cha mvua utakuwa dhaifu wakati wa kiangazi, na kiangazi chetu ni kirefu. Mhandisi mwangalifu hubuni kwa ule wakati mbaya zaidi.

Mfano wa hesabu utasaidia. Chukua kituo chenye eneo la mita 60 kwa 60, chenye wavu wa shaba chini yake. Udongo ukiwa na omu-mita 100, ukinzani wa wavu mzima kwenda ardhini ni takriban omu 0.8. Hitilafu ikipeleka ampea 2,000 ardhini, kituo chote kitapanda hadi takriban volti 1,600 kuliko ardhi ya mbali. Udongo huo ukikauka hadi omu-mita 1,000, ukinzani hupanda hadi omu 8. Mkondo ungebaki ule ule, volti zingefika takriban 16,000. Mashine hazikubadilika wala wavu haukupunguzwa, ila udongo umekauka.

Wavu wa shaba na zulia la kokoto

Je, mhandisi hufanya nini? Jambo la kwanza ni kutandika wavu. Nyaya nene za shaba huzikwa takriban nusu mita chini, zikikatizana kama nyuzi za wavu wa mvuvi, kwenye eneo lote la kituo. Pale zinapokatizana huchomelewa ili kiungo kisilegee wala kuoza. Pembeni na kwenye kona hupigiliwa fimbo ndefu za chuma kilichofunikwa kwa shaba, ili kufikia udongo wenye unyevu ulio chini zaidi. Kwenye nchi kavu kama hii, fimbo hizo ni muhimu sana, kwa kuwa udongo wa juu hukauka kwanza.

Kisha kila chuma kituoni huunganishwa na wavu huo: transfoma, nguzo, milango, uzio, hata mabomba. Hapa turudi kwa yule ndege juu ya waya. Hitilafu ikitokea, kituo chote hupanda volti pamoja, na ardhi iliyo chini ya miguu ya fundi hupanda pamoja na chuma alichokishika. Volti 1,600 zipo, lakini tofauti kati ya mkono na mguu wake ni sehemu ndogo tu ya hizo.

Jambo la pili ni kokoto. Mawe yaliyotandazwa ndani ya vituo vya umeme si urembo, na hayakuwekwa kuzuia nyasi peke yake. Ni zulia la kukinga miguu. Kwa mujibu wa kanuni za mwongozo namba 80 wa taasisi ya IEEE, ambao ulitolewa mara ya kwanza mwaka wa 1961 na unatumiwa na wahandisi duniani kote, mtu wa kilo 50 aliyesimama kwenye udongo mtupu wa omu-mita 100, hitilafu ikidumu nusu sekunde, anaweza kuhimili volti 190 hivi za kugusa. Akisimama juu ya kokoto safi zenye ukinzani wa omu-mita 3,000 na unene wa sentimita 10, anaweza kuhimili takriban volti 680. Kwa volti za hatua, kiwango hupanda kutoka 260 hivi hadi zaidi ya 2,200. Kanuni hizo zilitokana na kazi ya Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetumia miaka mingi kuchunguza athari za umeme mwilini.

Kwa hivyo anayechota kokoto za kituo cha umeme kwenye mkokoteni ili akajengee amemvua fundi viatu vyake. Na mafuriko yakiingia kituoni, hata maji yakishuka, tope linalobaki kati ya mawe huyafanya yapitishe umeme. Wakazi wanakumbuka mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya 2024, maji yalipokata barabara ya Garissa na Madogo. Baada ya maji kama hayo, kokoto zinafaa kusafishwa au kubadilishwa, na wavu kupimwa upya.

Uzio si ukuta wa kuegemea

Sasa turudi kwa yule mfugaji na boma lake.

Uzio wa chuma wa kituo huunganishwa na ardhi. Mara nyingi waya wa shaba huzikwa pia nje ya uzio, umbali wa mita moja hivi, ili mtu anayepita na kuugusa awe na shaba chini ya miguu yake. Kinga hiyo inaishia hapo. Mtu aliye mita 100 mbali anasimama kwenye ardhi ya kawaida, ambayo volti zake hupanda kidogo tu.

Waya wa boma ukifungwa kwenye uzio na kuvutwa hadi hapo, unabeba volti za kituo na kuzipeleka mahali pasipo na wavu wala kokoto. Wakati wa hitilafu, mtoto anayeushika waya huo hakutani na ile sehemu ndogo ya volti tuliyoitaja. Katika mfano wetu, anakutana na sehemu kubwa ya zile volti 1,600, akiwa peku kwenye mchanga. Ni vivyo hivyo kwa bomba la chuma la maji lililopitishwa kwenye uzio, kamba ya chuma ya kuanikia nguo, au kibanda cha mabati kilichoegemezwa hapo.

Na anayechimba shimo la nguzo ya kibanda karibu na uzio anaweza kuukata ule waya wa shaba uliozikwa nje. Hataona cheche na stima haitazimika. Kinga itakuwa imeondoka kimya kimya, hadi siku ya hitilafu.

Wizi wa shaba

Hapa pana ukweli mchungu. Shaba, au kopa kama wanunuzi wa vyuma vikuukuu wanavyoiita, ina bei nzuri. Waya wa ardhi unaoshuka kwenye nguzo ya transfoma ndio rahisi kuukata, kwa kuwa siku ya kawaida hauna umeme mwingi na kukatwa kwake hakuzimi taa za mtu. Mwizi hudhani hajamdhuru yeyote.

Kumbe waya huo ukiondoka, hitilafu ya kwanza inaweza kupandisha volti kwenye mwili wa transfoma, kwenye nguzo za chuma, hata kwenye nyaya za nyumbani. Vifaa vya ulinzi navyo vinaweza kuchelewa kukata umeme, kwa sababu vinategemea mkondo mkubwa unaorudi kupitia ardhi. Anayeumia ni jirani, au mgonjwa kwenye zahanati iliyounganishwa na transfoma hiyo.

Nchi ilionja uchungu wa uharibifu huu tarehe 11 Januari 2022, minara ya laini ya Kiambere hadi Embakasi ilipoanguka na sehemu kubwa ya Kenya kukosa umeme. Uchunguzi uligusa suala la vyuma vilivyoibwa kwenye minara, na mwezi huo huo Rais akapiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa muda. Kuharibu miundombinu ya umeme ni kosa chini ya Sheria ya Nishati ya 2019, na biashara ya vyuma vikuukuu ina sheria yake ya mwaka wa 2015. Mnunuzi wa waya wa shaba wenye alama ya kukatwa kwa msumeno anajua, au anapaswa kujua, ulikotoka.

Maswali ya kuuliza barazani

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na gesi kama sehemu ya mipango na maendeleo. Sheria ya Nishati nayo inazitaka kaunti ziandae mipango yake ya nishati. Wakazi wana haki ya kushirikishwa. Mradi wa gridi ndogo, kituo kipya au pampu ya jua ya kisima unapoletwa barazani, maswali huwa ni ya kazi kwa vijana na fidia ya ardhi. Hayo ni ya haki. Yaongezwe na haya:

Je, udongo wa hapa umepimwa, au hesabu imetoka mahali pengine? Ulipimwa msimu gani? Uzio utakuwa umbali gani na njia ya mifugo na mahali pa kunyweshea? Mfumo ukishakamilika, nani atapima ukinzani wake kabla ya umeme kuwashwa, na utapimwa tena baada ya muda gani? Mafuriko yakija, maji yatapita wapi?

Mkandarasi aliyefanya kazi yake vizuri atakuwa na majibu. Asiye nayo ni heri ajulikane mapema, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Yanayoweza kufanywa leo

Mambo haya hayahitaji bajeti wala kungoja mhandisi.

Usifunge kitu chochote kwenye uzio wa kituo cha umeme wala kwenye nguzo ya transfoma, iwe ni waya, kamba ya nguo, mnyama au bango. Kama tayari kimefungwa, usikifungue mwenyewe. Waite KPLC.

Usichimbe, usijenge na usichome takataka karibu na uzio huo. Kokoto zilizo ndani na nje yake ni za usalama, hazichotwi.

Chungeni mifugo mbali na uzio, hasa wakati wa mvua na upepo mkali, ambapo hitilafu huwa nyingi.

Ukiona waya umeanguka, kaa mbali angalau mita 10, na uwazuie watoto na mifugo. Ukijikuta tayari uko karibu nao, usikimbie na usipige hatua ndefu. Weka miguu pamoja na uondoke kwa hatua fupi za kuburuta nyayo. Mnyama aliyeanguka kando ya waya aachwe hadi umeme uthibitishwe kukatwa.

Ukiona waya wa ardhi umekatwa kwenye nguzo, piga 97771, nambari ya KPLC ya dharura, au umjulishe chifu. Taarifa hiyo ina uzito sawa na ya nyumba inayoungua, hata kama taa zote zinawaka.

Nyumbani na kwenye visima vya jua, mtumie fundi aliye na leseni ya EPRA, na umwombe akuonyeshe fimbo ya ardhi na kipimo chake. Wakati wa Jilaal mpime tena, hasa kwenye mchanga.

Ndugu wakazi, kaunti hii ilingoja umeme kwa muda mrefu. Sasa umefika, na utazidi kuenea hadi vijiji vya Fafi, Hulugho na Dadaab. Wahandisi watapima udongo na kuzika shaba. Lakini wahandisi wakishaondoka, wanaobaki karibu na uzio ule ni wakazi na mifugo yao. Jioni ya leo, kila mmoja apitapo kando ya kituo au transfoma ya mtaa wake, aangalie kama kuna waya uliofungwa mahali usipopaswa, au uliokatwa mahali unapopaswa kuwa. Akiuona, apige simu kabla ya kufika nyumbani.